Mtumbwi Niliousugua Mara Mbili

Mwanangu Koku,

Juzi uliniuliza, "Mama, wewe kemia unaijulia wapi?" Kisha ukachukua kikapu chako ukaenda Nyabiyonza kumuaga bibi yako, ukaniacha nimesimama uwanjani na kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira maneno hunitoka kwa Kinyambo, tena si ya kuandikwa. Sasa nimepoa kidogo. Nimekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mchana kweupe, karatasi iko juu ya sinia, na nitakujibu kwa Kiswahili, maana ndicho nilichofundishwa kuandikia.

Mambo ya kuamka mapema, kusalimia wakubwa na kutoazima nguo za watu sitayarudia. Unayajua, na usipoyajua leo basi tumekwisha chelewa. Sweta yako iko sandukuni. Barua hii nataka kuiweka chini yake, maana nasikia huko ng'ambo ya ziwa barua za posta hufunguliwa na kusomwa kabla msichana hajaziona. Na kama mwalimu mkuu ataikuta hata humo sandukuni, basi shikamoo mama, endelea kusoma, hamna matusi.

Ila sijui bado kama utaipata. Pale kwa babu yako mtumbwi wa pombe, lile gogo lililochongwa, umefunikwa majani ya migomba tangu jana. Jioni hii wageni wa kukuaga wakifika tutaufunua. Rubisi yetu ya ndizi ikiwa imeiva, barua itaingia sandukuni. Ikiwa imekataa, itawashia jiko, na nitakuambia mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, ukachukue ushonaji. Nimeapa hivyo mbele ya babu yako na shangazi yako. Ndiyo, nimeapa. Swali lako ndilo lililonipeleka huko.

Nianze na hiyo juzi. Ulirudi kutoka kwa mwalimu wako na uso wa mtu aliyekwisha amua. Ukasema shule mpya inataka kila msichana akifika aseme atasoma nini pamoja na baiolojia: kemia au ushonaji. Ukasema baiolojia unaipenda, ni elimu ya vitu vyenye uhai, na wewe unataka kuwa daktari, lakini kemia utawaachia wavulana. "Ina alama nyingi za herufi na namba, Mama. Na mwalimu amesema msichana anaweza kwenda bila hiyo." Nikakuambia hapana. Ndipo ukauliza lile swali lako.

Haya, jibu ni hili. Kemia niliijulia kwenye aibu.

Nilipoolewa hapa nilikuwa msichana wa masista, nimefunzwa usafi mpaka nanukia sabuni usingizini. Tulifundishwa kwamba kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, viko kwenye kucha, kwenye maji, kwenye nyufa za kila kitu, na kwamba ni adui. Tuliviimbia hata wimbo. Maji ya moto, majivu na sabuni, hizo ndizo zilikuwa silaha zetu. Nikaja kwa wakwe na silaha zangu zote.

Wakati huo shangazi yako, dada wa baba yako, alikuwa bado mwali, na watu wa kumchumbia walikuwa wanakuja na mahari. Nyumba nzima ilikuwa mbio. Ndizi zilikuwa zimetolewa shimoni zimeiva, vijana wamekwisha kata nyasi za kuzikanyagia. Mama mkwe wangu, Mungu amweke pema, akaniambia, "Kaupanguse mtumbwi." Kuupangusa tu, Koku. Unajua mtumbwi wa pombe hapa kwetu hupanguswa kwa jani la mgomba na kusuuzwa kwa maji baridi, basi, na ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Nikautazama. Mweusi, una nyufa, na ndani ya nyufa kuna utando unaonuka uchachu. Moyo wangu wa shule ukaruka. Nikasema, leo watajua wameoa mtu.

Nilichemsha maji chungu baada ya chungu. Nikamwaga majivu, nikasugua kwa sabuni, nikachokoa kila ufa kwa kijiti, nikamwaga tena maji yanayochemka. Nilipomaliza mtumbwi uling'aa, na mimi mgongo ulikuwa unaniuma kwa furaha. Vijana wakakanyaga ndizi, maji yake yakawekwa humo, ukatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ukafunikwa. Kesho yake wageni wakaketi, mirija mkononi, wakaletewa vibuyu.

Hakuna povu wala harufu. Yalikuwa maji matamu ya ndizi, yale yale ya jana. Mzee wa upande wa bwana harusi akavuta mrija, akaweka kibuyu chini taratibu, akauliza, "Tumekuja kuoa au kunyonyeshwa?" Wakacheka wao. Wa kwetu hakuna aliyecheka. Shangazi yako aliolewa vilevile, lakini huko kwa mumewe walimwita Maji ya Ndizi mpaka alipozaa mtoto wa kwanza. Kwa hiyo ukimwona ana ulimi mkali juu yangu, usimhukumu haraka. Harusi ni moja, na yake niliiharibu mimi.

Basi wakasema mke wa kaka ana mkono mbaya. Mtumbwi una mwenyewe asiyeonekana, na mwenyewe amemkataa. Nilirudishwa kwetu Nyabiyonza na kifurushi changu kichwani, peke yangu, watu wananichungulia kutoka kwenye vibanja vyao vya migomba njia nzima. Baba yangu akaniuliza, "Umefanya nini?" Nikasema, "Nimeosha." Akauliza, "Umeosha nini?" Nikasema, "Mtumbwi." Akakuna kichwa, akarudi ndani, hakujua aanze wapi kunigombeza.

Baba yako ndiye aliyenifuata. Alikuja bila kutumwa na mtu, akaamkia, akaketi, akasema, "Baba, nimekuja kumchukua mke wangu. Pombe tutanunua." Ndiyo maana hata akinikasirisha, na hunikasirisha, nikiikumbuka siku hiyo namsamehe kabla hajaomba. Sasa hivi anapita hapa mara ya tatu akijifanya anatafuta panga lake. Amelishika mkononi.

Nilirudi, lakini nilikatazwa kuukaribia mtumbwi. Miaka yote hii, Koku, umeniona nikipita kwa nyuma wakati wa pombe, ukafikiri mama hapendi harufu. Harufu naipenda sana. Nilizuiwa. Nikamwuliza mwalimu wangu wa usafi kwa nini pombe ilikataa, akasema hayo ni mambo ya ushirikina, nisali. Nikamwuliza babu yako, akasema ni mambo ya mila, ninyamaze. Nikasali na nikanyamaza, na jibu halikuja. Kilichoniuma si kukosea. Kila mtu hukosea. Iliniuma kukosea halafu nisijue nimekosea nini, kwa sababu mtu wa namna hiyo kesho atalirudia kosa lile lile, au ataogopa kila kitu mpaka afe.

Kisha wewe ukaja likizo.

Unakumbuka? Ulirudi na habari za hewa. Ukachukua chokaa kidogo iliyobaki walipopaka kanisa, ukaikoroga kwenye maji, ukayaacha yatuame, ukamimina yale maangavu kwenye glasi ya baba yako. Kisha ukachukua kibuyu chenye rubisi changa, ukatia mdomoni mwake bua la jani la mpapai, lile lenye tundu, ukaziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, na ncha ya bua ukaitumbukiza kwenye glasi. Nilikuwa nachambua maharage. Nilikutazama kwa jicho moja, nikisema moyoni, shule imetuletea michezo. Mapovu yakaanza kutoka, moja moja. Maji ya chokaa yaliyokuwa maangavu yakawa meupe kama yametiwa maziwa.

Ukamwaga, ukajaza glasi upya. Safari hii ukapuliza wewe, kwa pumzi yako. Yakawa meupe vilevile.

Niliacha maharage. Nikakuuliza, "Maana yake nini?" Ukasema, kwa haraka tu, kama mtu anayetaja njia ya kwenda sokoni, kwamba ni hewa ile ile, ya pombe na ya pumzi ya mtu. Kwamba ndani ya pombe kuna vijidudu vya hamira, vinakula utamu wa ndizi, vinatoa ukali wa pombe na hiyo hewa. Nikauliza, "Vinakaa wapi kabla ya pombe?" Ukasema, "Popote, Mama. Kwenye maganda, kwenye mashapo, kwenye nyufa za mtumbwi."

Kwenye nyufa za mtumbwi! Wewe ukaenda kuchota maji. Mimi nilibaki pale nikalia, na unajua mimi si mtu wa machozi. Nililia kwa hasira. Jibu nililonyimwa na shule na mila lilikuwa limo humo kwenye glasi ya baba yako, na lilitosha kwenye kiganja. Niliua kila kitu kwenye ule mtumbwi. Mkono wangu ulikuwa mzuri mno, hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapogombana na wewe. Mimi nilifundishwa kwamba vijidudu vipo. Hiyo ni baiolojia yako unayoipenda, si ndiyo? Nilijua vipo, nilijua vina uhai, ningeweza kukuimbia wimbo wake. Nisichofundishwa ni vinakula nini, na vinachokula kinageuka nini. Nikawa mtu anayejua majina ya jirani zake wote lakini hajui nani mkulima na nani mwizi. Ndiyo maana niliwamwagia wote maji ya moto.

Unasema utachukua vitu vyenye uhai na kuacha kemia. Utavitenganishaje, Koku? Mgomba unakula nini? Ndizi mbichi haina utamu, ikikaa shimoni inakuwa tamu, ikitiwa mtumbwini utamu unapotea na ukali unakuja. Utamu umekwenda wapi? Mtu akila matoke asubuhi na jioni yuko shambani anapalilia, yale matoke yako wapi? Mtoto akihara hadi macho yanazama, ametokwa na nini ambacho maji matupu hayarudishi? Ukiwa daktari watakuuliza hivyo, tena watakaokuuliza ni mama wa watoto, wanalia. Utawafungulia kitabu cha picha uwaonyeshe ini liko upande gani?

Alama zako mimi sizijui hata moja. Nilikiangalia kile kitabu chako ukiwa umelala mchana, nikaona herufi na vijinamba vimekaa kama siafu, na mshale katikati. Nikageuza juu chini, haikusaidia. Lakini nakumbuka ulivyonieleza ukilalamika, kwamba kushoto na kulia kwa mshale lazima vilingane, na mwalimu anakata maksi visipolingana. Ukasema ni ukorofi tu. Si ukorofi! Ni ile ile habari ya utamu umekwenda wapi. Kilichoingia lazima kionekane kilipotokea. Wewe ukipungukiwa ndoo moja ya maharage hapa nyumbani utaulizwa, na usiseme ni ukorofi wa mama yako.

Na huyo mwalimu anayesema msichana anaweza kwenda bila kemia, namheshimu, amekufundisha kusoma na hatutamtukana. Lakini muulize, kwenda wapi? Hadi mlangoni, nadhani. Watakuacha uingie sebuleni uone vitu vilivyopangwa vizuri, na jikoni kunakopikwa watafunga. Mimi nimekaa sebuleni kwa watu, Koku. Nimekaa nyuma ya mtumbwi miaka mingi nikiambiwa nisali na ninyamaze. Sikubali ukakae huko na wewe, tena kwa hiari yako, eti kwa sababu ya vijinamba! Sikubali. Andika hilo.

Unaogopa, najua. Uliniambia hukushika vizuri mwanzo wake, ndiyo maana sasa kila kitu kinakuponyoka. Basi rudi mwanzo. Waambie hujui. Kaa na watoto wadogo kuliko wewe ukibidi. Aibu ya kuuliza nimeipima, na aibu ya kutojua nimeipima, na hii ya pili ndiyo iliyonirudisha Nyabiyonza na kifurushi kichwani.

Sasa nikueleze niliyoyafanya juzi ulipoondoka. Nilikiweka kile kisu chini, nikaenda moja kwa moja kwa babu yako. Shangazi yako alikuwepo, amekuja kusaidia maandalizi ya kukuaga, ameketi anasuka mkeka. Nikaamkia, nikasema, "Baba, pombe ya Koku naomba niandae mtumbwi mimi."

Shangazi yako akaacha kusuka. "Wewe? Harusi yangu haikukutosha, unataka na safari ya mwanao?"

Nikasema, "Wifi, nitausugua kwa maji ya moto na majivu na sabuni, kama siku ile ile, na utakuwa umesimama hapo unanitazama. Na pombe itaiva."

"Na isipoiva?"

Hapo ndipo ulimi wangu ukanitangulia. Nikasema, "Isipoiva, mkono wangu ni mbaya kama ulivyosema, na Koku atachukua ushonaji. Neno kemia halitatoka tena kinywani mwangu." Nilikuwa nimeweka masomo yako mtumbwini. Babu yako akatutazama sisi wawili, akasema, "Mtumbwi ni wangu, ubishi ni wenu," akaendelea na kiko chake.

Nikasugua, Koku. Wifi amesimama juu yangu kama askari wa boma. Nikachokoa kila ufa. Kisha jana, vijana walipomaliza kukanyaga na maji ya ndizi yalipowekwa na mtama wake, nikatoa kibuyu kutoka kwa jirani, kilichobaki na mashapo ya rubisi ya Jumapili, nikamimina. Wifi akaruka, "Umetia dawa! Mnaona? Ametia dawa!" Nikamwambia, "Ndiyo, nimetia. Ni mashapo ya pombe uliyokunywa wewe mwenyewe Jumapili ukaomba uongezewe." Babu yako alicheka mpaka kiko kikazima.

Tangu hapo hatujaufunua. Usiniulize kama nina uhakika. Wewe uliniambia maneno machache ukiwa na haraka ya kwenda kuchota maji, na mimi nimesimama juu ya maneno hayo na uzito wangu wote. Labda yale majivu yamebaki ufani. Labda mashapo yalikuwa yamekufa. Nimekwenda kuinamia majani asubuhi nikitega sikio, shangazi yako akasema, "Unasikiliza nini, inakuimbia?" Nikaondoka. Ninaandika ili mikono yangu isirudi kule kufunua.

Wageni wanaanza kuja. Nasikia sauti ya bibi yako barabarani, na yako. Naacha hapa.

Nimerudi. Wewe uko uwanjani unacheza ngoma na wenzio na hujui kitu, nami nimejificha ndani ya nyumba kumalizia, kabla mwanga haujaisha.

Babu yako ndiye aliyefunua. Jani la kwanza, harufu ikatupiga usoni. La pili, povu. Povu, mwanangu! Limetanda mtumbwi mzima, linapasuka pasuka, linazungumza. Nilishika mti wa kibanda. Babu yako akachota, akanywa, akampa shangazi yako. Shangazi akavuta mrija mara moja. Akavuta tena. Wote tumemtazama. Nikamwona amekumbuka siku yake, macho yakamjaa maji, na mimi yakanijaa, maana yeye hakuwa na kosa lolote siku ile.

Akanipa kibuyu kikiwa kimekwisha. Akasema, "Kumbe mkono wako umepona."

Nikamwambia, "Haukuwahi kuugua, wifi. Nilikuwa sijui utamu unakwenda wapi."

Halafu akasema, "Haya, nijazie. Na huyo mtoto akifundishwa, aje anieleze na mimi. Nimeitwa Maji ya Ndizi bure."

Basi umesikia, Koku. Tuko wawili tunaodaiwa jibu: mimi na wewe, na anayedai ni shangazi yako, ambaye unajua hasahau. Kesho ukipanda lori pale Bugene usiniangalie sana, nitakuwa na uso mbaya. Ukifika, wakikuuliza unachukua nini, simama wima, sema kemia. Ukishindwa, shindwa ukiwa ndani ya chumba chake umeshika glasi mkononi, na chokaa ya kuanzia nimeifunga kwenye jani la mgomba, iko hapo chini ya sweta.

Mama yako